Bolti ya Kijani

Neno lilishanitoka, na mdomo wangu hauna breki. "Hii ni kazi ya kulipua, ya harakaharaka," nilimwambia mdogo wangu mbele ya mkunga, mteja mwenyewe, na mbele ya watu wawili waliokuja kujaza upepo.

Mdogo wangu aliweka koleo chini. Gereji ni yetu sote wawili: yeye umeme, mimi bodi na rangi.

"Sawa, kaka. Tafuta ubovu mwenyewe. Nikimaliza kupanga vyombo vyangu naondoka."

Gereji ya ng'ambo ya barabara ilikuwa ikimtaka siku nyingi.

Pikapu ya mkunga ilikuwa imerudi mara ya pili ndani ya wiki mbili. Ukiwasha taa kubwa, zinafifia, zinachezacheza, na indiketa nazo zinang'aa kidogo bila kuombwa. Mwenyewe huzunguka milimani kuzalisha, na juzi alirudi akijibanza nyuma ya lori ili aone njia. Waya za mbele zote alibadilisha mdogo wangu, halafu mimi nikapiga rangi ya kijani, mikono mitatu, kila kona. Watu wananijua: mimi siruki bolti.

Nikavamia. Nilishika kwanza mita ya mdogo wangu ya kupimia umeme, nikaigusisha kwenye betri, ikaniletea alama ya kutoa. Betri ina umeme chini ya sifuri? Nikajitia kuelewa, nikatikisa kichwa kama daktari, nikairudisha. Nikabadilisha balbu: vilevile. Fyuzi nzima. Rilei, ile swichi ya taa, nikaweka ya gari jingine: wapi! Nyuma yangu spana zilikuwa zinaingia sandukuni moja moja, na kila ilipolia moja moyo uliniruka. Angezitupa kwa hasira ningetulia. Mtu anayepanga spana kwa ukubwa hatanii.

"Fundi, vipi?" mkunga aliuliza.

"Bado kidogo tu, mama."

"Hiyo bado kidogo hata mimi huwaambia wenye uchungu."

Nilizunguka lile gari sijui mara ngapi. Ndipo nikakumbuka wimbo wa mdogo wangu wa kila siku: wote mnaangalia umeme unakoingia, hakuna anayeuliza unarudi wapi. Nikachukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya mweusi wa taa. Taa zikawaka, nyeupe pee! Kumbe umeme ulikosa njia ya kurudi, ukawa unajipenyeza kwenye indiketa. Nikaufuata ule waya mweusi hadi unapofungwa kwenye bodi, nikafungua bolti.

Chini yake, rangi. Kijani, mikono mitatu, inang'aa. Umeme haupiti kwenye rangi. Yeye aliufunga waya kwenye chuma kitupu. Mimi ndiye niliyefungua, nikapaka, nikarudishia, nikajisifu.

Msasa ulikuwa mfukoni. Ningekwangua dakika moja, niseme waya ulilegea, nani angejua? Niliutoa kabisa. Nyuma yangu sanduku likafungwa.

"Mdogo wangu," nikaita, "njoo uone."

Akainama, akatazama. "Imekolea vizuri. Sasa sema kwa sauti, kama ulivyosema lile la kwanza."

Nikajikaza kisabuni. "Mama mkunga, aliyelipua ni mimi. Rangi yangu ndiyo iliyoziba. Kazi yake haina kasoro."

"Haya, nifungieni niende," mkunga alisema. "Kuna mtu ananisubiri, naye hajui kusubiri."

Mdogo wangu akakwangua mpaka chuma kikameta, akafunga. Taa zikatulia, mkunga akaondoka. Nikadhani yamekwisha. Nikanyanyua sanduku lake nilirudishe mahali pake, akalipokea mkononi mwangu.

"Nimeshawapigia wale wa ng'ambo, kaka. Ulipokuwa unachomoa rilei. Nimewapa neno langu."

Nilitaka kulia, mtu mzima mimi. Alifungua sanduku, akatoa ile mita, akaiweka juu ya benchi.

"Baki nayo. Waya wake mweusi unagusa hasi, mwekundu chanya, wewe uligeuza. Nilikuwa nakuona, nikawa nasubiri uniulize."