Kitatange Aliyebaki Peke Yake

Marehemu shemeji yangu alimwachia dada tangi la maji ya chumvi sebuleni, na ndani yake samaki wawili, vitatange wa ile aina ndogo, dume na jike, hakuna aliyezidi urefu wa kidole. Wiki moja baada ya mazishi, dume naye akafa.

Kaka wa marehemu akaja. Tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hajawahi kuingia chumbani asitake kukiongoza. Alilizunguka tangi kama mtu anayepima kiwanja.

"Shemeji, hili dubwana linakula umeme na nafasi. Huyo mmoja nitamvumilia. Akifa samaki mwingine, tangi linatoka."

Nyumba si yake. Tangi si lake. Dada alinyamaza, tangu mazishi alikuwa akimnyamazia kila mtu. Mimi nilimkumbusha Mwenyekiti mwaka wa mgomo kiwandani, sisi tumelala getini, yeye akapita mlango wa nyuma na bahasha ya wakubwa mkononi. Akasema nina kinyongo. Ninacho, na nimekitunza vizuri.

Dada alikataa kumtafutia yule jike mume mwingine haraka. "Mwache kwanza. Mtu hafiwi leo akaolewa kesho."

Miezi mitatu ikapita. Kila asubuhi alipima chumvi, akasugua kioo, akamsemesha mjane wake. Ndipo akaenda dukani akamchagulia bwana: mkubwa, mnene, wa rangi kali.

Chai haijapoa, samaki wanararuana. Mgeni alichanika pezi, akabanwa kwenye kona nyuma ya pampu.

"Mama yangu! Wanauana!" Dada alimpigia simu muuza samaki.

Muuza samaki alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, yule wako alikaa peke yake muda gani?"

"Miezi mitatu. Nilikuwa namheshimu."

"Basi huyo si mjane tena. Hawa wote huanza wakiwa majike. Dume akiondoka, jike anayebaki hugeuka, akashika nafasi yake. Umemletea dume dume mwenzake. Nirudishie huyo, nikupe mdogo kuliko wako, aliye jike bado. Ila usimwachie hivi hivi. Mtie kwenye kikapu chenye matundu, humo humo tangini, waonane kwanza bila kugusana."

Dada aliketi chini. "Kumbe heshima yangu ndiyo iliyotaka kuwaua."

"Hukujua, dada."

"Marehemu angejua."

Tulitoa mawe moja moja hadi tukampata mgeni, tukambadilisha, na yule mdogo akakaa kikapuni siku kumi. Siku ya kumfungulia, Mwenyekiti akatokea bila kuitwa. Maneno yana miguu. Akajikalisha kwenye kiti cha marehemu.

"Haya, tuone."

Dada alikunja mikono ya gauni, akainamisha kikapu. Mdogo akatoka. Mkubwa akamjia kama risasi; nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mdogo alikuwa amelala ubavu, mapezi ameyakunja kama anayesalimu amri, na mkubwa anamzunguka. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha wakaingia pamoja chini ya jiwe, wakatokea upande wa pili wakidonoa mwani.

"Hiyo haimaanishi kitu," Mwenyekiti akasema. "Kesho mnaweza kumkuta amekufa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hotuba ya miaka kumi na minne, tangu ule mgomo, kooni. Dada akaniwahi.

"Anaweza," alisema, bila kugeuka, maji yakimchuruzika viwikoni. "Akifa nitalia, halafu nitaleta mwingine. Hili tangi ni langu, shemeji. Na wewe siku nyingine piga hodi, usubiri niitikie."

Mwenyekiti akanitazama mimi, kana kwamba maneno yale nimemfundisha. Wallahi sikumfundisha hata moja.

"Na wewe," dada akanigeukia, "umesimama hapo kama mlingoti wa nini? Lete taulo."