Faulo ya Tano ya Shemeji

Ndoto yenyewe niliiota usiku wa kuamkia leo, na sikuwa nimeshiba kupita kiasi, kwa hiyo mtu asiniambie ni ugali. Mimi ni mwamuzi wa mpira wa kikapu hapa Mbeya, mwaka wa kumi na moja huu, na kichwa changu kiko sawa.

Nimesimama jikoni kwangu. Sakafu imechorwa mistari ya kiwanja, na mstari wa mitupo huru umepita chini ya jiko la mkaa. Mke wangu, Sekela, amekaa kwenye benchi la wachezaji na hanitazami. Hilo halikunishangaza. Hata nikiwa macho, ana siku sita hajanisemesha, tangu Jumamosi nilipompigia mdogo wake Ambakisye faulo ya tano. Kijana wa watu akatolewa zimebaki sekunde kumi na nne, na wateuzi wa timu ya mkoa wako jukwaani, wamekuja kumtazama yeye.

Ringi la kikapu linainama kutoka ukutani, wavu umechanika kidevuni.

"Mwamuzi," likasema, "tumekuita kwenye marudio."

"Marudio ya nini?"

"Ya wiki nzima. Faulo zimekuwa nyingi humu ndani na hakuna aliyezipanga."

Kanuni hiyo naijua. Faulo zikifuatana pande zote mbili, unazipanga kama zilivyotokea, zinazolingana unazifuta, na inayobaki peke yake ndiyo inayoadhibiwa. Nimeshawafundisha vijana wengi. Nikasema haya, tuanze.

Mlango wa friji unafunguka, ndani kuna picha zinatembea. Jumapili: Sekela anatia chumvi kwenye chai yangu, vijiko viwili, bila haraka. Jumatatu: mimi najiangusha chini kando ya kitanda, nashika mgongo, nagumia.

"Hakuna aliyekugusa," likasema Ringi.

"Mgongo uliuma kweli."

"Friji, rudisha nyuma."

Friji ikarudisha. Nikajiangusha tena, safari hii polepole, na ikaonekana wazi kwamba kwanza nilichungulia kama Sekela yupo karibu.

"Zinalingana. Zimefutwa."

Chumvi yote ya nyumbani ikatoweka, na mgongo wangu ukaenda nayo. Nikaegemea meza kwa tumbo, nikaendelea kusikiliza kwa heshima.

Jumanne, Sekela analoweka shati langu la uamuzi pamoja na khanga nyekundu. Jumatano, mimi namwambia jirani kwamba ukoo wa mke wangu hawajui kushindwa. Zikafutwa hizo nazo. Shati likanitoka mwilini, na jirani akafutika mzima mzima, masikini, na yeye alikuwa anasikiliza tu.

Sasa tuko uwanjani, mimi kifua wazi. Friji tumekuja nayo.

"Imebaki moja," likasema Ringi. "Ya Jumamosi. Haina mwenzake."

Picha inatembea. Ambakisye anaruka kuzuia mpira. Filimbi inalia. Mchezaji wa upande wa pili anaanguka baada ya hapo, na kati yake na Ambakisye unaweza kupitisha baiskeli.

Filimbi ikajikohoza shingoni mwangu. "Mimi nililia mapema," ikasema. "Lakini silii mwenyewe. Napulizwa."

"Ulipuliza kwa nini?" Ringi likaniuliza.

Nilitaka kutaja jua, na mahali nilipokuwa nimesimama. Nikaona haya.

"Niliogopa watu. Tangu robo ya kwanza walikuwa wanapiga kelele kwamba nambeba shemeji yangu."

Sekela akainua uso. Roho iliniuma, sitaki kuficha, maana yule kijana nimemlea mimi tangu yuko darasa la nne.

"Mpira kwa mwamuzi," likasema Ringi. "Aurushe kutoka nje. Ana sekunde tano."

Nikapewa mpira. Ni mzito kama gunia la viazi. Nimesimama nyuma ya mstari, Sekela yuko mbele yangu, mikono ameitanua anasubiri. Ringi likatoa mkono ambao sikujua linao, likaanza kuhesabu.

"Moja."

"Mama Lusajo," nikamwambia Sekela, "unajua pale nilipokuwa nimesimama..."

"Mbili."

Nikaamka. Kumeshapambazuka. Kumbe nilikuwa naweweseka kwa sauti: Sekela amekaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wake wa kulia unakwenda na kurudi hewani, vile vile tunavyohesabu sisi waamuzi.

"Tatu," akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu kwa siku sita.

Nikajiinua, nikakaa.

"Nne."

"Nilikosea," nikasema. "Ambakisye hakumgusa mtu. Niliogopa watu, Mama Lusajo."

Mkono ukabaki juu kidogo, kisha akaushusha. Akachukua simu yake pale kitandani, akaniwekea sikioni.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Inaita tangu niliposema moja."