Barua za Ukingo Mweusi

Katika miaka mitatu niliyokuwa shemasi na karani wa Askofu Ludovic Haliburton, hakuna barua yake hata moja iliyopotelea mikononi mwangu. Mji mzima wa Forfar unanijua kwa hilo, na asiyejua nimeshamwambia mwenyewe.

Askofu alikuwa mtoto wa pili wa lodi, bwana mkubwa wa Kiskoti. Alizaliwa kwenye ngome ya vyumba sitini, akaishia kuwachunga wafumaji wa kitani na kula uji wa shayiri pamoja nasi. Kaka yake, Lodi Archibald, alimnunia miaka tisa, tangu Askofu alipomaliza urithi wake kuwajengea watu wale kanisa. Majira yale ya baridi tulisikia Archibald ni mgonjwa sana. Askofu aliligusia jambo hilo mara moja tu: "Sitakwenda bila kuitwa, Gavin. Lakini akiniita, hata kwa neno moja, naondoka saa hiyo hiyo."

Basi kazi yangu ikawa kungoja neno moja. Kazi rahisi.

Tabu ilikuwa ile ngome. Mama yao alifariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo kila barua iliyotoka huko ilikuwa na ukingo mweusi, kama desturi ya msiba inavyotaka. Dada yao, Bibi Grizel, aliandika kila wiki, kurasa sita, habari za kuku wake. Mwanzoni ule weusi ulinishtua. Kufikia barua ya ishirini nilishaona kuku wanaweza kusubiri. Ya Jumanne, yenye mwandiko wake ule ule, niliichomeka kwenye kitabu cha sala iniwekee alama.

Alhamisi tulikwenda kanisani kuwapa kipaimara wafumaji kumi na mmoja. Kabla ya ibada, tarishi akaleta barua nyingine. Ukingo wake ulikuwa mnene kama kidole. Msiba ukizeeka ukingo hupungua. Huu ulikuwa wa jana.

Askofu aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akauliza kama wafumaji wamefika wote. Nikasema wote. Akaingia, akaweka mikono juu ya kichwa kimoja baada ya kingine, sauti ile ile ya siku zote, kama mtu anayehesabu mashuka. Mimi nilijitafuta huzuni, sikupata kitu. Nilikuwa nawaza viazi.

Baadaye, katika chumba cha mavazi, aliketi mikono magotini.

"Amekufa jana," akasema. "Grizel anasema aliniita. Hakuweza kushika kalamu, Grizel akamwandikia, Jumatatu." Akanitazama. "Hukupokea kitu?"

Nilikumbuka palepale.

"Hakuna kitu, Baba Askofu. Posta ya siku hizi unaijua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeambiwa habari za mvua.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Elspet, bibi mfumaji anayetufagilia kanisa, na kitabu changu mkononi.

"Mwanangu, umesahau kitabu," akasema. "Na barua ya watu imo humu, hata haijafunguliwa. Tangu Jumanne nakuona nayo. Nikasema, huyu kijana ana roho ngumu, barua ya msiba anaifanya alama."

Askofu akanyoosha mkono, akapokea. Aliifungua polepole kwa kisu, bila kuchana karatasi, akaanza kusoma.

Haijapotea, nilitaka kusema. Lakini Elspet alikuwa bado amesimama mlangoni, ananitazama.