Ng'ambo ya Barabara ya Dunmore

Kila alfajiri mama yake Marisela Quiroga alimvusha barabara ya Dunmore kwa gari, akamshusha nyuma ya nyumba ya mjomba Rogelio. Marisela akaingia kwa mlango wa jikoni, akatokea mlango wa mbele na mkoba begani, ili ionekane amelala humo. Ndipo basi la njano la shule lilipompakia. Watu wazima na akili zao walicheza mchezo huo mwaka wa nne sasa, maana barabara ile ndiyo mpaka wa shule, na mtoto husoma upande anaolala. Upande wa mjomba, kodi za majengo zinalisha shule ya sekondari ya Fairhollow. Upande wa mama, zinalisha shule nyingine ambayo darasa lake la kemia halijaona mwalimu tangu Krismasi. Na barabara yenyewe unaivuka kwa miguu kabla hujamaliza kupiga miayo.

Mji wa Fairhollow ulijengwa miaka ya hamsini juu ya mashamba ya mahindi, enzi zile wanaume waliorudi vitani walipewa mikopo ya nyumba wakazaa bila kupumzika. Waliowahi wakaona mahali pazuri, wakafunga mlango nyuma yao. Siku hizi shule ilikuwa na bwawa la kuogelea, ukumbi wa maigizo, na mtu wa kulipwa ambaye kazi yake ni kukaa ndani ya gari la kijivu akichungulia watoto wa watu wanatokea mlango gani. Mtu mzima analipwa kwa hilo, jamani. Mwaka uliopita alimnasa mvulana mmoja wa ng'ambo, mpiga tarumbeta. Kijana aliondolewa katikati ya wiki, hata kuaga hakuaga, wenzake hawakuambiwa kwa nini, na bendi ikaenda kwenye mashindano bila yeye.

Kwa hiyo Marisela hakuwa na raha. Alikuwa mwaka wa mwisho, nahodha wa mpira wa wavu, na chuo kikuu kimoja kilishamwahidi nafasi na masomo ya bure, mradi tu amalize Fairhollow akiwa anacheza. Ilibaki kumaliza tu. Alitembea akigeuka nyuma. Akiona gari lolote la kijivu alijibanza, hata likiwa la bibi kizee anayekwenda kanisani. Usiku alilala jicho moja wazi, na marafiki hakuwakaribisha kwao kamwe.

Aliyeumia kwa hilo ni Brynn Halvorsen, shoga yake wa kufa na kuzikana.

"Hivi kwenu kuna nini?" Brynn alimuuliza siku moja wakivua viatu baada ya mazoezi. "Umekula kwetu, umelala kwetu, mbwa wetu anakupenda kuliko mimi. Mimi kwenu hata kiti sijakalia."

"Mjomba hapendi kelele."

"Mjomba wako? Yule anayeimba akikata majani mpaka mtaa mzima unafunga madirisha?"

Marisela alicheka, akageuza mazungumzo. Kugeuza mazungumzo alikuwa bingwa.

Sasa, timu ile ina desturi yake. Kila msimu unapokwisha, asubuhi ya mechi ya mwisho ya nyumbani, wachezaji huamka mapema kwenda kupamba nyumba ya anayemaliza shule: karatasi za chooni kwenye miti, utepe kwenye uzio, bango lenye jina na namba yake. Mjomba Rogelio alishaambiwa ajiandae. Alifyeka majani, akapaka rangi kisanduku cha barua, akanunua na juisi kabisa. Marisela alipanga afike kwa mjomba kabla hakujapambazuka.

Alhamisi ya mechi hiyo alifungua mlango wa kwao, nywele mbichi, mama nyuma yake akitafuta funguo za gari. Ngazi nzima ilikuwa imezungushiwa utepe wa buluu na mweupe, kutoka mlangoni mpaka chini kwenye duka la dobi, maana wao walikaa ghorofani juu yake. Timu yote ilikuwa imesimama pale chini na nguo za kulalia, wameshika donati na bango kubwa lenye jina lake. Mama aliziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka.

"Mari, tunajua," Brynn alisema akipanda ngazi. "Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba wako sweta lako, akababaika, nikajua kuna jambo. Nikaliona gari la mama yako sokoni, nikalifuata. Unakaa hapa, na hatujali hata chembe. Ulidhani tutakucheka? Umetuchukuliaje?"

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu. Picha iko mtandaoni, kwenye ukurasa wa timu, tangu umefungua mlango."

"Ifute."

"Mbona umependeza."

"Nywele zimelowa, Brynn. Ifute."

Brynn aliifuta huku akicheka. Angeambiwa palepale kwamba anwani hiyo humfukuzisha mtu shule, msichana yule angeuficha mpaka kaburini. Lakini Marisela alikuwa amenyamaza miaka mingi mno, na mama naye alishaanza kuwamiminia watoto kahawa, ana furaha ambayo binti yake hakuwahi kuiona. Alikula donati akichungulia barabarani.

Kabla ya chakula cha mchana aliitwa ofisini kwa Bwana Tierney, makamu wa mkuu wa shule. Mjomba Rogelio alishafika, na nguo zake za kazi, kofia juu ya goti. Kuna mzazi aliyeiona picha kabla haijafutwa, akapeleka habari shuleni.

Tierney hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alitaka uongo wa kumtosha.

"Huenda wasichana walikosea," alisema taratibu. "Huenda pale ni kwa shangazi yako, ulilala siku moja tu. Nikisikia hivyo, nafunga jalada."

"Ndivyo, bwana," mjomba alidakia. "Pale ni kwa shangazi yake. Analala kwangu siku zote."

Moyo wa Marisela ulianza kurudi mahali pake.

"Vizuri. Kwa utaratibu tu, nimuulize na aliyepiga picha."

Brynn aliingia. Alimwona mjomba amekunja mabega, akamwona rafiki yake ameinamisha macho mbele ya meza ya mkubwa, akawaka.

"Brynn," Marisela aliwahi, "mwambie Mwalimu, pale kwa shangazi..."

"Usimkane mama yako," Brynn alimkata. "Usithubutu, na huyu asikufanye uthubutu." Akamgeukia Tierney. "Anakaa pale, Mwalimu, juu ya dobi, na mama yake, tangu yuko mdogo. Mama mwenyewe kaniambia leo, kanipa na kahawa. Kama kuna mzazi aliyeleta maneno kwamba msichana wa kule hafai kuwa nahodha wetu, aje aniambie mimi. Huyu ni bora kuliko sisi wote."

Tierney aliweka kalamu mezani. Mjomba alifumba macho.

Brynn, akihema, aliushika mkono wa Marisela akaubana kwa nguvu. Hakuna mtu aliyewahi kumtetea Marisela namna ile. Tierney alikuwa anatafuta maneno ya kuanzia, na Marisela akaubana mkono ule naye, akiomba Tierney achelewe kidogo, ili Brynn asijue bado alichomfanyia.