Mzizi wa Mahameni

Asubuhi moja katikati ya Oktoba 1974, mtoto wa Rhobi alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka, na titi la mama yake lilikuwa halijatoa hata tone. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika. Jirani yao Veronika alimnyonyesha mara moja, lakini yeye mwenyewe alikuwa na mapacha, na mapacha hao walikuwa hawashibi. Zahanati ya kijiji ilikuwa bado msingi wa mawe.

"Nakwenda kuchimba mzizi," alisema Bhoke, mama wa Hezekia na mama mkwe wa Rhobi.

"Wapi, mama? Hapa umezunguka kote."

"Nyumbani."

Nyumbani maana yake mahameni, kule mlimani walikohamishwa mwezi Agosti wakaletwa kando ya barabara ya Mugumu. Katibu wa kijiji, Nikolaus, alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba atakayeonekana kule atahesabiwa anapinga serikali.

"Wakikukamata?"

"Watanikuta na mzizi, si bunduki."

Angeweza kupita korongoni asionekane. Alipita barabarani.

Nyumba za mahameni zilikuwa kuta tupu zisizo na paa. Dawa ya maziwa, maana watu hawakuwa na jina jingine la kuuita mmea ule, iliota kwenye mawe ya ukingo wa zizi la zamani, na Bhoke hakuwahi kuiona mahali pengine. Ilikuwa na mwenzake aliyefanana nayo kwa jani na kwa kimo, ila mzizi wa huyo ulimharisha aliyeunywa. Bhoke aling'oa mmoja, akaukwaruza mzizi kwa ukucha. Njano. Akautupa. Akajaribu mwingine, nao njano. Karibu na lango lililoanguka alipata uliotoa wekundu. Akakata nusu ya mzizi, nusu akaifukia ichipue tena.

Tangu hapo hakupaswa kusema na mtu mpaka mgonjwa anywe. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Bhoke hakuwa na hakika kama ukimya ulikuwa sehemu ya dawa. Hakuwahi kuitumia bila ukimya, na mtoto huyu hakuwa wa kufanyiwa majaribio.

Alirudi kwa barabara ile ile. Mbele ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wakisubiri mbegu, na Nikolaus amesimama katikati yao pamoja na mgambo, kijana aitwaye Wangwe.

"Uhuru!" Nikolaus alimsalimu kwa salamu ya Chama.

Bhoke hakuitikia.

"Mama Hezekia! Nimesema Uhuru!"

"Labda ulimi ameuacha mlimani," mtu mmoja alisema, watu wakacheka.

"Mwacheni," alisema Veronika. "Ana dawa mkononi. Hasemi mpaka ifike."

"Dawa gani hiyo inayokataa kuitikia Chama?"

"Ndiyo aliyokunywa mama yako, Katibu. Bila hiyo ungekuwa mfupi kuliko hivyo ulivyo."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na Nikolaus hakukipenda.

"Mahameni amekwenda, salamu amekataa. Mama Hezekia, sema 'Na kazi', uende zako. Usiposema, mzizi huo unabaki hapa ofisini."

Bhoke aliuhamishia mzizi mkono wa mbali naye, akaanza kutembea.

"Wangwe! Mzuie!"

Wangwe aliweka rungu lake mbele ya njia. Bhoke hakupunguza mwendo mpaka rungu likamgusa kifua, ndipo akasimama, akamtazama usoni.

"Mura, kijana wetu, utampiga?" Veronika aliuliza.

Wangwe alimwangalia Katibu, kisha Bhoke. Akashusha rungu. "Nitamsindikiza, Katibu. Yuko chini ya ulinzi wangu."

Akamfuata nyuma mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni wakati Bhoke akitwanga, akichemsha na kuchuja. Nikolaus alifika wakati Rhobi ameshainua kikombe. Rhobi alikunywa mpaka chini, akakunja uso kwa uchungu wa dawa.

Bhoke akageuka. "Sasa uliza."

"Umekwenda mahameni?"

"Nimekwenda. Wakati wa kwenda nilipita mbele ya ofisi yako ukiwa unakunywa chai."

"Na unajua ni marufuku."

"Najua. Dawa hii ikiisha nitarudi, na nitapita pale pale, mchana. Ukitaka nisiende, ihamishe na yenyewe kama ulivyotuhamisha sisi."

"Mkutano wa Jumamosi utakujadili, mama."

"Nitakuja. Siku hiyo nitakuwa na mdomo."

Nikolaus akaondoka. Wangwe alibaki mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia aende.

Rhobi alikunywa pia uji mzito wa ulezi, akalala usingizi mrefu wa kwanza tangu ajifungue. Dawa, uji au usingizi, lipi lilifanya kazi, hakuna aliyepima. Alasiri alipoamka alisema matiti yanamuuma. Bhoke alilikamua moja, na tone zito la njano la maziwa ya kwanza likatua kwenye kidole gumba chake.

Wakamweka mtoto kwenye titi. Aligeuza uso mara kadhaa, akalia bila sauti, kisha akashika. Bhoke aliweka kidole chini ya kidevu chake, akasubiri. Koo dogo likapanda, likashuka. Mtoto alikuwa anameza.