Kaunta ya Jepchirchir

Mume wangu Elkana ana tabia moja ya kunitia aibu. Akiingia nyumba ya watu, kabla hata hajaketi, anakwenda jikoni na kuikwaruza kaunta kwa ukucha wa kidole gumba. Nimemkanya mpaka nimechoka. Mwenye nyumba anauliza chai iwe na tangawizi au bila, naye ameinama juu ya jiwe la watu kama anayetafuta chawa.

Ni malezi. Kwao ni Tabaka, kule Kisii, ambako watoto hukua wakichonga mawe. Jiwe la kwetu, lile la sabuni, ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga. Elkana atakwambia, hata kama hujamuuliza, kwamba zamani lilikuwa jiwe lingine, gumu, likafukiwa chini sana, likabanwa na kupikwa na joto na maji ya moto hadi likageuka kuwa laini hivyo. Atakwambia graniti ni mawe yaliyoyeyuka yakapoa polepole humo ardhini, ndiyo maana ina chembe kubwa. Zilipata muda wa kukua. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa humo ardhini, na chokaa yenyewe ni magamba ya vidudu vya baharini. Tukitoka hapa Mesquite, Texas, kwenda Mansfield, pale barabara ilipokata kilima cheupe, lazima anyooshe kidole. "Mama Whitney, hapa palikuwa bahari." Nami wakati huo ninawaza shifti ya kesho.

Tulipofika Texas alipata kazi ya kumfaa, au ndivyo tulivyodhani: kukata kaunta za jikoni katika karakana moja. Wateja wa siku hizi hawana haja na graniti. Wanataka quartz ya kiwandani, yaani mawe yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi, yakashindiliwa na kuokwa, na kesho yake yamo kwenye lori. "Hili halikungoja," Elkana aliniambia baada ya siku ya kwanza. Alikuwa amelikwaruza, na ukucha ukavunjika.

Jiwe hilo ukilikata kavu linatoa vumbi laini kuliko poda ya mtoto. Wakubwa wa karakana walifunga maji ya kulaza vumbi kwa sababu tope lilikuwa linachelewesha kazi. Mimi ni nesi, na nilipiga kelele. Nilimnunulia barakoa ya maana, ikakaa ikining'inia kwenye kioo cha gari.

"Baba yangu amekula vumbi la mawe tangu utotoni," alisema, "na bado anapanda mlima kwenda kanisani."

"Baba Whitney, vumbi si moja. La baba yako ni la jiwe laini. Hili lako ni vioo."

Alicheka. Nami kwa hasira nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, vile mtu husema tu akiudhiwa na mumewe. Laiti ningeweza kuirudisha kinywani hiyo methali.

Kikohozi kilipokataa kuisha tulitumwa Houston, kwa daktari wa mapafu. Alitufungulia picha kwenye kompyuta. Mapafu ya mume wangu yalikuwa na madoadoa meupe, na huko juu madoa yalikuwa yameshikana yakawa bonge. Elkana aliitazama picha ile kwa utulivu anaoutumia kutazama mawe.

"Hayo bado yanakua?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hata nikiacha kazi?"

"Hata ukiacha."

Akaitikia kwa kichwa. Dawa ya kuyatoa haipo. Kilichopo ni kupandikizwa mapafu ya mtu aliyekufa, na jina la Elkana likawekwa kwenye foleni. Nimeuguza watu wa kila aina, nimewasimamisha waliokuwa wameshakata tamaa, lakini wangu mwenyewe ninampimia oksijeni tu na kuandaa uji. Sina kingine. Inaniuma hadi nashindwa kusali.

Sabato iliyopita kikundi cha maombi kilikutana kwa Jepchirchir, nesi mwenzangu, nyumbani kwake Mansfield. Kaunta ya jikoni mwake ni quartz nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Elkana ndiye aliyeikata, humo humo gerejini, bila maji, iwe zawadi yetu ya nyumba mpya. Nakumbuka alivyotoka na kope nyeupe, na Jepchirchir akampigia vigelegele. Kila tukienda anaipangusa mbele yetu na kumsifu fundi. Hajui anachopangusa. Nani atamwambia, na ili iweje? Mimi natamani kuivunja kwa nyundo, kisha naomba sukari.

Tulimketisha Elkana kwenye kiti kirefu kando ya kaunta, mtungi wa oksijeni miguuni. Pasta Dedan akaomba. Aliomba vizuri, na machozi. "Bwana, lete mapafu upesi. Yalete wiki hii." Tukasema amina.

"Pasta," Elkana akasema. Siku hizi anasema maneno machache, anapumzika, anaendelea. "Hayo mapafu, sasa hivi, yamo ndani ya mtu. Anapumua."

Pasta akatazama Biblia yake.

"Pengine yuko barabarani. Anarudi kwake." Akapumzika. "Basi muombeeni na yeye."

Mwishowe Pasta akainamisha kichwa na kumwombea mtu asiyemjua, afike kwake salama. Wote wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nitasema ukweli: nilitaka mtu huyo asifike. Nilimtakia mabaya mtu ambaye hajanikosea lolote, niko katikati ya maombi, na hata sasa ukiniuliza nitakwambia bado nataka.

Jepchirchir akaenda kuteleka chai. Mkono wa Elkana ulikuwa juu ya kaunta, na kidole gumba kilikuwa kinakwaruza, polepole, kwa mazoea tu. Jiwe halikuonyesha hata mstari. Nikaushika mkono ili aache, nikazitazama kucha. Zilikuwa zimevimba na kujikunja nchani, na rangi yake imekuwa ya zambarau. Miezi michache nyuma hazikuwa hivyo. Kucha kama hizo nimezishika wodini mara nyingi, na ninajua huwa zinafuatwa na nini.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Naangalia kama zinahitaji kukatwa."

"Ziache, Mama Whitney," akasema. Akapumzika. "Zikikatwa, mawe nitayajulia nini?"