Maandishi ya Kujazia

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala usimtafutie mwenzake. Kompyuta haikukosea, printa haikukosea, na hata yule kijana wa chumba cha kuchapia, ambaye kukosea ndiyo fani yake, siku hiyo alichapa alichopewa. Ni Mzee Gia mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, aliyetuma faili ambalo silo, akazima mashine, akaenda zake akipiga mluzi.

Jina la Mzee Gia alipewa chuoni wiki ya kwanza. Alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipogoma, na alipokabidhiwa kipanya cha kompyuta alikishika kwa kiganja kizima, akakisukuma mbele kama mtu anayepandisha mlima na mzigo wa saruji. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka nao, maana barabara ilishamfundisha kwamba ukiona unachekwa, wahi kucheka, usiwaachie wenzako uhondo wote.

Alikuja kusomea cheti cha usanifu wa michoro kwa kompyuta: nembo, mabango, vipeperushi, na hizo karatasi za rangi zinazozungushwa kwenye chupa na makopo. Wazo lilikuwa la bintiye, aliyeolewa mbali na ambaye hupiga simu kila Jumapili. Miezi kadhaa baada ya mazishi ya mama yake, binti aliuliza, "Baba, mbona nasikia saa ya ukutani?"

"Kwa sababu humu ndani ndiyo inayoongea," akajibu baba, kwa mzaha.

Binti hakucheka. Wiki hiyohiyo akamtafutia chuo. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukichora maneno nyuma ya lori lako, watu wakisimama kuyasoma? Nenda ukachore kwa mashine. Angalau utakuwa na watu."

Watu kweli walikuwepo. Shida ni kwamba kila mmoja alikuwa amejifungia masikioni mwake. Waliingia na vispika vyao vya masikioni, wakakaa, wakatazama skrini, wakatoka navyo. Yeye walimwamkia vizuri tu. "Shikamoo, mzee." Kabla hajamaliza kusema marahaba, aliyemwamkia keshapita. Heshima ile ilikuwa kama kufungiwa mlango taratibu, bila kuubamiza. Huwezi kulalamika, lakini uko nje. Mchana wenzake walitoka kwa makundi, naye akala mkate wake kwenye benchi karibu na bomba la maji. Bomba lilivuja. Siku moja alijikuta akiliambia, "Na wewe nenda kwa daktari," akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia. Hakukuwa na mtu. Hilo ndilo lililomuuma, si kusikika.

Jirani yake wa meza alikuwa msichana waliyemwita Dada Fonti, kwa kuwa aliweza kugombana na mtu nusu saa nzima kuhusu umbo la herufi moja. Huyu alimsaidia mara mbili tatu alipokwama. Alinyoosha mkono, akabofya, akasema "hapo," kisha akarudi zake masikioni.

Somo kubwa la muhula lilikuwa kipeperushi. Kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli, mtu mwenye biashara yake, amtengenezee kipeperushi cha kukunja. Siku ya mwisho kazi zote zitabandikwa ukutani na wateja wataitwa. Mteja atasema neno moja kati ya mawili: naikubali, au siikubali. Bila "naikubali," hujafaulu somo, na bila somo hilo hakuna cheti. Juu ya yote, Mkufunzi alikuwa na sheria yake: kazi ikiwa ukutani, mwenyewe asimame chini yake, afunge mdomo.

"Kipeperushi kikitoka hapa hakitembei na wakili," alisema. Alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye sauti ya kukuambia jambo mara moja tu. "Kijieleze chenyewe."

Mzee Gia alimpata Mama Pasi, dobi wa mtaani kwake, mjane mwenye mikono iliyokomaa na ulimi ambao haujawahi kukunjwa.

"Kipeperushi cha nini? Wateja wangu huja kwa sababu nguo zao ni chafu, si kwa sababu wameona picha."

"Ni kwa ajili ya masomo yangu, mama."

"Masomo, na mvi zote hizo! Haya, nichoree. Lakini ukinichora mnene, tutafikishana mbali."

Akaahidi kumletea maneno ya kuweka: huduma zake, namba ya simu, saa za kufungua. Akaahidi, na ahadi ya dobi mnaijua. Wiki ikapita. Mkufunzi akamwambia asikae bure, aweke maandishi ya kujazia, yaani maneno yoyote yale ya kushika nafasi, ili jicho lione safu zinavyokaa. Wenzake walikuwa na maneno yasiyo na maana yaliyokuja na programu. Walibofya tu, ukurasa ukajaa. Mzee Gia alijaribu, akayatazama, akayafuta. Kusoma maneno yale kulikuwa kama kuongea na mtu aliye usingizini.

Basi akawa anasubiri wenzake watoke mchana, kisha anaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, chochote kilichokuwa kifuani. *Leo nimechemsha chai ya watu wawili tena. Mkono una mazoea yake, haujapata habari.* Akayatazama. Safu ilikaa vizuri. Akaongeza kidogo. Kesho yake akaongeza tena. Mkate akaanza kuulia palepale mbele ya skrini, benchi na bomba akavisahau. Kitu kilichoanza kama cha kushika nafasi kikawa ndicho alichokuja chuoni kufanya.

Hatimaye Mama Pasi akaleta maneno yake. Mzee Gia akayaingiza mahali pake, akafuta ya kwake moja baada ya jingine, na kusema kweli ilimchukua muda kuliko ilivyohitaji. Alikuwa na faili linaloitwa "Mwisho." Baada ya masahihisho kukawa na "Mwisho kabisa." Sasa hili lenye maneno ya Mama Pasi akaliita "Mwisho kweli." Mtu aliyewahi kufanya kazi hii keshaona shimo liko wapi. Chumba cha kuchapia kilipoita kazi, alituma "Mwisho kabisa."

Siku ya ukuta alikuja na shati lililonyooshwa na Mama Pasi mwenyewe. Kazi zilikuwa zimeshabandikwa na Mkufunzi. Kwa mbali aliiona yake, bluu na nyeupe, kamba ya nguo ikipita kutoka ukurasa hadi ukurasa, moyo ukamjaa. Akaenda kusimama chini yake, mgongo ukutani, mdomo umefungwa, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo katika chumba kizima ni yeye peke yake ambaye hakuweza kuisoma.

"Nafasi zimepumua," akasema mmoja.

"Ile kamba inakuvuta jicho mpaka ndani," akasema mwingine.

Mzee Gia akatazama viatu vyake ili asionekane anatabasamu. Tangu afike chuoni hakuwahi kuzungumzwa na watu wengi kiasi kile.

Dada Fonti akasogea, kwa sababu yeye herufi hazimpiti. Akatoa kispika sikio moja. "Ngoja," akasema, akacheka. "Sikilizeni hapa. 'Leo nimechemsha chai ya watu wawili tena. Mkono una mazoea yake, haujapata habari.'"

Watu wakacheka, wakidhani ni tangazo la aina mpya. Mzee Gia akayatambua maneno yake. Akafungua mdomo. Mkufunzi akainua kidole: sheria. Akaufunga.

Dada Fonti akaendelea, bado anacheka. "'Jirani yangu wa nyumbani nimemsalimia, kumbe yuko kwenye simu. Akanipungia kama anayefukuza nzi. Nikapunga na mimi. Tukaachana vizuri.'" Kicheko kikapungua. "'Msichana wa meza ya pembeni ana kikohozi tangu Jumatatu. Nimeleta limau na asali. Nimeviweka katikati ya meza zetu. Hakujua ni vyake. Jioni nikarudi navyo.'"

Akakomea hapo. Akatoa na kispika cha sikio la pili, akakishika mkononi. Hakuna aliyecheka tena.

Aliyemalizia ni Mama Pasi. Alikuwa amesimama nyuma na mkoba wake kwapani. Akaja mbele akipangua watu, akavaa miwani, akasoma kwa sauti yake ya dukani, kidole kikifuata mstari. "'Dobi wangu hunyoosha shati kama anayemsamehe mtu: taratibu, wala haruki kona. Nampelekea shati mojamoja. Akijua kwamba nyumbani nina rundo, ataniuliza kwa nini silileti lote, nami sina jibu la kumpa mtu mzima.'"

Akasoma tena peke yake, midomo ikicheza, mpaka chini kabisa.

Mzee Gia akaivunja sheria. "Kosa langu," akasema. "Nimetuma faili silo. Hayo yalikuwa ya kujazia tu, ya kushika nafasi. Mama, nisamehe, nimekuaibisha mbele za watu." Akageuka, akaanza kung'oa pini ukutani, na vidole vikubwa vya usukani havikuziweza. "Mwalimu, andika nimeshindwa. Mimi naacha."

"Baba, hakuna aliyesema umeshindwa. Mpangilio wako ni mzuri mno..." akasema Mkufunzi.

"Mpangilio! Watoto hawa wamesoma mpaka birika langu. Kesho naingiaje kwenye mlango ule?"

"Mzee," akasema Dada Fonti, macho chini, "mimi sikujua yale malimau..."

"Hukujua, na tulikuwa salama, wewe na mimi. Ningekaa nyumbani na saa yangu. Saa haisomi kwa sauti."

Akaing'oa pini moja. Kipeperushi kikaning'inia upande. Mkufunzi alimtazama, akatazama darasa, akashika utaratibu. "Mama, wewe ndiye mteja. Ni lazima useme. Unaikubali kazi hii, au huikubali?"

"Siikubali," akasema Mama Pasi, bila hata kuvuta pumzi.

Chumba kikaguna. Mzee Gia akatikisa kichwa, karibu kwa ahueni, kama mtu aliyeambiwa gari lake kweli limekufa, asihangaike tena kulisukuma. "Mnaona? Haki yake. Basi, yameisha."

"Haina namba yangu ya simu. Haina saa za kufungua. Mapazia hayakutajwa, na mapazia ndiyo yanayoniweka mjini. Halafu hii bluu ya pembeni imepauka kama nguo iliyoanikwa na mvivu."

"Kweli tupu, mama. Vijana hawa watakutengenezea nyingine. Wana mikono myepesi."

"Nimeomba kijana mimi?"

"Mama, nimeshasema naacha!"

"Acha, nani kakushika?" Mama Pasi akavua miwani, akaikunja. "Lakini mtu huacha kazi akishaimaliza, na wa kusema imekwisha ni mimi. Nami nakuonya mapema, baba: siridhiki upesi."